Taa ya Kuchaji Iliyoua Betri Mbili: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Taa inayochambuliwa hapa ni ya aina ambayo nyumba nyingi za Afrika Mashariki zinayo au zimewahi kuwa nayo: kandili ya plastiki yenye mkono wa kubebea, vitaa vidogo vya LED nyuma ya kifuniko kinachopitisha mwanga, swichi ya hatua mbili, na ubavuni tundu la kuchomeka waya wa plagi. Mwenye taa ni mama wa Morogoro anayeuza mboga na viungo gengeni hadi usiku, na kwake taa hii ni chombo cha kazi, kwa sababu umeme ukikatika jioni ndiyo inayomwezesha kuhesabu chenji na kuonyesha bidhaa. Betri ya kwanza ilimtumikia kwa zaidi ya mwaka. Ilipochoka, alimpelekea fundi wa mtaani, akawekewa mpya, na ile mpya haikumaliza hata miezi miwili kabla taa haijarudi kuwaka kwa dakika chache na kufifia.

Alipoileta kwangu, fundi wa pili, alisema maneno ambayo, nikiyatazama sasa, yalikuwa na nusu ya jibu ndani yake: “Fundi, betri nimebadilisha juzi juzi tu, taa ya kuchaji inawaka vizuri, lakini haiweki chaji. Na nikichomoa plagi ukutani, saa nyingine inanipiga shoti vidoleni.” Fundi aliyetangulia alisikia neno “haiweki chaji” akabadilisha betri, na kwa dalili hiyo peke yake hakuwa amekosea sana, maana mara nyingi betri ndiyo inayokufa. Ila betri inayokufa ndani ya wiki chache, ikiwa imewekwa mahali pa ile iliyodumu mwaka mzima, inadai maelezo mengine. Ama ilinunuliwa ikiwa tayari imeharibika, ama kuna kitu ndani ya taa kinachoiua.

Kabla ya kufungua, taa ilichomolewa kwenye umeme na kuachwa muda. Tahadhari hiyo ni ya lazima kwa kila kifaa cha namna hii, na ile shoti aliyoieleza mama ndiyo sababu yake. Skrubu sita zilikuwa zinaonekana, na ya saba ilikuwa imejificha chini ya stika ya maelezo. Anayelazimisha gamba kwa bisibisi bila kuipapasa stika kwa kidole atavunja kona na kuilaumu plastiki. Nusu mbili zilipoachana, kilichoonekana ni kichache mno: betri nyeusi ya mraba iliyoandikwa volti 4 na ampea-saa 0.9 (kipimo cha chaji inayoweza kubeba), ubao mdogo wa saketi, swichi, na ubao wa vitaa. Gamba lilikuwa na ufa karibu na tundu la waya wa plagi, mpana kiasi cha kupitisha ncha ya msumari.

Ubao wa saketi hauna transfoma. Watu wengi hawalijui jambo hili, na kutolijua ni hatari. Chaja ya simu ina transfoma ndogo inayotenganisha umeme wa ukutani na ule unaofika kwenye simu, hivyo waya wake ukiguswa haudhuru. Katika taa hii, umeme wa volti 230 unaingia, unapita kwenye kapasita moja ya rangi ya kahawia (kijisehemu kinachohifadhi chaji kidogo), kisha kwenye dayodi nne, zinazopitisha umeme upande mmoja tu, zinazougeuza kuwa wa mkondo mmoja, yaani usiogeuka mwelekeo, na kufika moja kwa moja kwenye betri. Kapasita hiyo inapunguza mkondo, lakini haitenganishi chochote. Taa ikiwa imechomekwa ukutani, kila sehemu ya chuma iliyomo ndani, hata kichwa cha hasi cha betri, ihesabiwe kuwa ina umeme kamili wa ukutani, ijapokuwa mita ya kupimia umeme ikiwekwa kati ya vichwa viwili vya betri itasoma volti 4 tu. Fundi anayeamini kwamba volti 4 haziwezi kumuumiza, na akagusa betri huku miguu yake iko kwenye sakafu yenye unyevu, anaweza kufa.

Kipimo cha kwanza kilikuwa cha betri. Ikiwa imetulia, ilisoma volti 3.1. Betri ya namna hii ina seli mbili za risasi na asidi, kila moja ya volti 2, na ikiwa imejaa na kutulia inatakiwa isome kati ya 4.2 na 4.3. Ikishuka chini ya 3.5 haifai kuendelea kutumika mpaka ichajiwe. Nilipoipa mzigo wa vitaa volti zilianguka papo hapo. Nilipojaribu kuichaji taratibu kwa chaja ya benchi niliyoifungia mkondo mdogo, volti zilipaa kupita 6 huku mkondo unaoingia ukiwa wa miliampea chache tu. Volti zinazopaa haraka bila mkondo kuingia, kisha kuanguka haraka mzigo unapowekwa, ndiyo sura ya betri ambayo sahani zake zimefunikwa na salfeti ya risasi iliyogeuka kuwa chembe ngumu. Salfeti hiyo hutokea kila betri inapotumika, na ikichajiwa mapema huyeyuka na kurudi ilikotoka. Betri ikiachwa nusu tupu siku baada ya siku, chembe zinakua, zinakomaa, na chaja ya kawaida haiziwezi tena.

Betri ilikuwa imekufa, basi, na kwa hilo fundi wa kwanza alikuwa sahihi. Swali lililobaki ni kwa nini iliishi nusu tupu ilhali mama alikuwa akiichomeka kila usiku na kuona kitaa chekundu kikiwaka hadi asubuhi.

Kitaa hicho chekundu kimewapotosha wengi. Nilipozifuata njia za shaba kwenye ubao, niliona kwamba kimeunganishwa na upande wa umeme unaoingia kupitia rezista kubwa (kijisehemu kinachozuia mkondo), nacho kinahitaji miliampea moja au mbili tu kung’aa. Kinaonyesha kwamba umeme upo kwenye waya. Hakipimi mkondo unaoingia kwenye betri, na hakijui kama betri imejaa, ni tupu, au haipo kabisa. Ningekuwa na mamlaka juu ya watengenezaji, hilo ndilo jambo la kwanza ambalo ningewataka walibadilishe, kwa sababu mtu mwaminifu anayefuata maelekezo yote anadanganywa na kifaa chake mwenyewe usiku kucha.

Niligeukia ile kapasita ya kahawia. Juu yake imeandikwa 105J 400V. Namba ya kwanza na ya pili ni 10, ya tatu inaeleza idadi ya sifuri zinazofuata, kwa hiyo ni pikofaradi 1,000,000, sawa na maikrofaradi 1, vipimo vya uwezo wa kapasita kuhifadhi chaji. Herufi J inaruhusu tofauti ya asilimia 5 juu au chini, na 400 ni volti za mkondo mmoja inazostahimili. Kwa umeme wa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde, maikrofaradi 1 inapitisha miliampea 72 hivi, na baada ya dayodi zinabaki kama 65 zinazofika kwenye betri. Nilichomoa mguu mmoja kwa chuma cha kulehemia, baada ya kuhakikisha haina chaji, nikaipima. Mita ilisoma maikrofaradi 0.31.

Kwa nje haikuwa na alama yoyote. Haikuvimba, haikuungua, haikupasuka, na fundi anayetafuta ubovu kwa macho angeipita. Hii ni tabia ya kapasita za utando wa plastiki. Ndani yake kuna utando uliopakwa alumini nyembamba mno, na kila msukosuko wa umeme unapotoboa tundu dogo, alumini inayolizunguka tundu hilo inaungua na kupotea, hivyo kapasita inajiponya na kuendelea na kazi, lakini kila mara ikiwa na eneo dogo zaidi. Katika mtaa ambao umeme unakatika na kurudi kwa kishindo mara kwa mara, kujiponya huko kunatokea mara nyingi, hasa kwa kapasita ya volti 400. Kilele cha umeme wa volti 230 ni volti 325, na siku umeme unapopanda hadi 250 kilele kinafika 353, kwa hiyo nafasi iliyobaki ni ndogo hata kabla misukosuko haijahesabiwa. Unyevu unaopenya gambani nao unakula alumini hiyo polepole.

Kwa maikrofaradi 0.31, hesabu inatoa miliampea 22, na baada ya dayodi 20. Ili nisitegemee hesabu peke yake, nilirudisha mguu wa kapasita, nikaweka betri nzima niliyokuwa nayo mahali pa ile mfu, nikabana mita katikati ya njia ya chaji kwa vibanio kabla ya kuchomeka plagi, nikasogeza mikono mbali, nikawasha swichi ya ukutani. Mita ilisoma miliampea 19, na kitaa chekundu kilikuwa kinang’aa kama kawaida. Kisha nilizima ukutani na kuchomoa plagi kabla ya kukaribia tena.

Kuanzia hapo kisa kinajieleza chenyewe. Vitaa vikiwa kwenye mwanga mkubwa vinakula miliampea 200, na saa tatu za gengeni ni miliampea-saa 600. Kuzirudisha kunahitaji kama 690, kwa sababu betri ya risasi hupoteza sehemu ya kinachoingia. Kapasita ikiwa nzima, kazi hiyo inachukua saa kumi na nusu hivi, muda wa kutoka kufunga genge hadi asubuhi iliyokwisha pambazuka vizuri. Kapasita ikiwa imefikia theluthi, kazi hiyo hiyo inataka zaidi ya saa thelathini na nne. Mama alikuwa akihitaji 600 jioni na kurudisha pungufu ya 200 usiku, kila siku, na deni likawa linaongezeka ndani ya betri mpya tangu siku ile ile ilipofungwa. Betri ya kwanza iliishi zaidi ya mwaka kwa sababu kapasita ilikuwa bado nzima au karibu nzima kwa sehemu kubwa ya muda huo. Betri ya pili ilizaliwa ndani ya njaa.

Dayodi nne nilizipima, zote zikawa nzima, na swichi haikuwa na tatizo. Ile shoti ya vidoleni nayo ilipata jibu. Sambamba na kapasita kuna rezista ambayo kazi yake ni kuimaliza chaji mara plagi inapochomolewa. Kwa kawaida ni ya megaomu 1 au nusu yake, na kwa kapasita ya maikrofaradi 1 inamaliza kazi ndani ya sekunde chache. Katika taa hii rezista hiyo ilikuwa imekatika ndani. Kapasita ilikuwa ikibaki na chaji inayoweza kufikia volti 325, ikisubiri kidole kiguse pini za plagi. Kiasi hicho cha nishati ni kidogo na kwa kawaida hakiui mtu mzima mwenye afya, lakini kinaweza kumfanya mtu aliyesimama juu ya kiti aanguke, na taa hii nyumbani kwake hushikwa na watoto pia.

Njia rahisi ya kutengeneza ilikuwa wazi: kapasita mpya, rezista mpya, betri mpya, kufunga skrubu saba na kumrudishia mwenyewe. Kapasita ya aina ya X2, iliyotengenezwa kukaa kwenye umeme wa ukutani na kuandikwa volti 275 za mkondo geu, yaani umeme unaogeuka mwelekeo kama wa ukutani, ingedumu kuliko ile ya mwanzo. Nimewahi kuwaona mafundi wakiweka kubwa zaidi ili taa ichaji haraka, na sikubaliani nao, kwa sababu saketi hii haina kitu cha kuikatiza chaji betri inapojaa. Kinachoingia kwa haraka kitaendelea kuingia baada ya kujaa, kikichemsha maji ya asidi na kuikausha betri. Hata hivyo, sikuichagua njia hiyo hata kwa kapasita ya ukubwa ule ule. Gamba lilikuwa na ufa, ndani ya gamba kulikuwa na umeme wa ukutani, na taa inatumika gengeni, mahali penye mikono iliyolowa maji ya kuoshea mchicha. Gundi ingeziba ufa huo mpaka taa itakapoanguka tena.

Niliamua kuuondoa umeme wa ukutani ndani ya taa moja kwa moja. Ubao wa kuchajia ulitolewa wote, na tundu la waya wa plagi likatolewa na nafasi yake kuzibwa kwa kipande cha plastiki, ili pasiwe na mtu wa kuichomeka tena kwa mazoea. Mahali pake niliweka waya wa chaja ya simu wenye kichwa cha USB, uliopitishwa kwenye tundu dogo na kufungwa fundo kwa ndani ili usivutike. Nyaya zake nilizipima kwanza kwa mita, kwa kuwa katika nyaya za bei nafuu nyekundu haimaanishi chanya kila mara. Kutoka chanya umeme unapita kwenye rezista ya omu 4.7 yenye uwezo wa wati 1, kisha kwenye dayodi ya Schottky, inayopoteza volti kidogo kuliko ya kawaida, ya aina ya 1N5819, ndipo unafika kwenye betri.

Uzuri wa mpangilio huu uko katika hesabu yake. Chaja ya simu inatoa volti 5, dayodi inakula kama 0.3, na kinachobaki ni 4.7, ambacho ni volti 2.35 kwa kila seli. Kikomo cha kuchaji betri ya risasi inayotumika na kuchajiwa kila siku ni kati ya volti 2.4 na 2.45 kwa seli, hivyo hata chaja inayotoa 5.2 haiwezi kuivusha mpaka. Betri ikiwa tupu kwenye volti 3.6, rezista inaruhusu miliampea 230 kuingia, kiasi ambacho betri ya ampea-saa 0.9 inakimudu. Ikifika 4.3 mkondo umeshashuka hadi 85, na ikifika 4.6 ni 20 hivi. Chaji inajipunguza yenyewe kadiri betri inavyojaa, jambo ambalo saketi ya kiwandani haikuwa inaweza kulifanya. Dayodi inazuia betri isirudishe umeme kwenye chaja wakati umeme umekatika. Na yeyote atakayegusa kitu chochote ndani ya taa atagusa volti 5 zilizokwisha kutenganishwa na ukuta, ilimradi chaja yenyewe ni nzima.

Betri mpya nilikwenda kuinunua nikiwa na mita mkononi. Ya kwanza niliyopewa ilikuwa ndani ya nailoni yake, safi kabisa, na ilisoma volti 3.4. Betri ya risasi hujimaliza yenyewe polepole hata ikiwa rafuni, na iliyokaa muda mrefu bila kuchajiwa huanza kuota zile chembe za salfeti kabla haijapata mteja. Niliikataa, muuzaji akaleta nyingine ya 4.1, nikaichukua. Inawezekana kabisa kwamba ile ya fundi wa kwanza nayo ilikuwa ya rafuni, na ilianza kazi ikiwa tayari imedhoofika.

Muuzaji alipendekeza pia, kwa nia njema, betri ya lithiamu ya duara kama zile za tochi, akisema ni nyepesi na inakaa na moto zaidi. Pendekezo hilo linasikika sana sasa, na katika taa za namna hii ni hatari isiyo na mjadala. Seli ya kawaida ya lithiamu haipaswi kuvuka volti 4.2. Saketi ya awali haina kikomo chochote, na hata huu mpangilio wangu wa volti 4.7, uliokusudiwa kwa betri ya risasi, utaivusha. Lithiamu iliyovushwa inapata joto, inavimba, na inaweza kulipuka moto ambao ni mgumu kuuzima ndani ya nyumba yenye chandarua na magodoro. Ndani ya gamba nilibandika karatasi iliyoandikwa kwa kalamu isiyofutika: “Betri ya risasi volti 4 tu. Usiweke lithiamu.” Fundi ajaye hatanijua, ila ataisoma.

Baada ya kuchajiwa usiku kucha, betri ilisoma volti 4.3 ikiwa imetulia. Taa iliwashwa kwenye mwanga mkubwa ikadumu saa tatu na robo kabla ya kushuka hadi volti 3.5, muda unaolingana na uwezo ulioandikwa, kwa kuwa betri ya risasi hutoa pungufu ya kilichoandikwa inapotumika kwa kasi. Kwa mwanga mdogo ilizidi mara mbili ya hapo.

Upungufu mmoja umebaki. Taa haina kitu cha kuizima yenyewe betri inapofika volti 3.5, na vitaa vya LED vinaendelea kutoa mwanga hafifu hata chini ya hapo, vikiinyonya betri hadi tone la mwisho. Saketi ndogo ya kukatiza inawezekana, lakini bei yake pamoja na kazi ingefika karibu na bei ya taa nyingine, na mama alisema waziwazi kwamba fedha hiyo hana. Nilimweleza azime mara mwanga unapoanza kufifia, aichomeke siku ile ile hata kama hakuitumia sana, na asiiache kabatini ikiwa tupu wakati wa miezi ambayo umeme umetulia. Chaja ya simu anayo, na genge lina soketi.

Zikabaki betri mbili za zamani, kwa sababu ile ya kwanza nayo alikuwa ameihifadhi ndani ya mfuko. Alitaka kuzitupa kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba, karibu na bustani yake ya mchicha. Nilimwomba asifanye hivyo. Risasi haiozi, na ikiingia mwilini mwa mtoto inadhuru ubongo unaokua. Wakazi wa Owino Uhuru mjini Mombasa waliishi jirani na kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3 kwa sumu ya risasi iliyowapata. Betri mbili ndogo si kiwanda, lakini pakiti hizo zikipasuka shimoni, asidi na risasi zitafuata maji ya mvua hadi kwenye mizizi ya mboga anazoziuza. Nilizichukua zikiwa nzima, vichwa vyake vimefungwa kwa utepe, na kuzipeleka kwa mnunuzi wa betri chakavu za magari, ambaye huzipima kwa kilo pamoja na nyingine na kuzisafirisha bila kuzifungua.